Mwamuzi Aliyebaki Ulingoni

Taa mbili ziliwaka kwa pamoja, nyekundu yangu na kijani ya Mashoto, na ukumbi mzima ukanyamaza kumtazama mtu mmoja ambaye mimi, tangu pambano lianze, nilikuwa najikataza kumtazama.

Tulikuwa kumi na nne kwa kumi na nne. Lilibaki pigo moja tu kati yangu na ubingwa ambao nilikuwa nimeuzoea hata watu wakasahau jina langu na kuniita Bingwa. Sasa, katika mchezo wa kitara, huu wetu wa kupigana kwa upanga mwembamba, taa zote mbili zikiwaka haitoshi kusema umempiga mwenzako, maana yeye naye kakupiga. Lazima mwamuzi aseme nani alianza: mkono wa nani ulinyooka kwanza, mguu wa nani uliingia kwanza. Akiona mmeanza sawasawa, hakuna anayepata kitu, mnarudi kwenye mistari yenu mnaanza upya. Mashine haijui mambo hayo, inawasha taa tu. Na sisi mashindano yetu si ya kitajiri, kamera ya kurudia picha hatuna. Tunategemea jicho la mtu.

Na jicho lenyewe siku hiyo lilikuwa la Fundi.

Aliinua mkono taratibu, kama mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa pomoni na hataki imwagike.

"Shambulio ni la kijani. Pigo ni la kijani."

Mashoto, yule binti anayepigana kwa mkono wa kushoto, alipiga magoti akalia kwa furaha. Mimi nilivua kofia ya wavu. Mchezo wetu hauna nafasi ya kununa: ukishindwa unainua kitara mbele ya uso, unamsalimu mwenzako, unamsalimu mwamuzi, halafu unampa mwenzako mkono ule usio na glavu. Usipofanya hivyo unafukuzwa. Nikamsalimu Mashoto. Nikamgeukia mwamuzi.

Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu mwanamume huyohuyo, akiwa dukani kwake anakotengenezea miwani, ameshika fremu ya miwani isiyo na vioo, aniulize kama ningekubali aje nyumbani kujitambulisha kwa watu wangu. Sauti yake siku ile ilikuwa inatetemeka mpaka fremu ikatetemeka nayo. Leo aliinamisha kichwa kunirudishia salamu, na usoni mwake sikuona hata chembe ya mtu yule. Ungedhani ndiyo kwanza tunaonana.

Hicho ndicho kilichoniumiza. Kushindwa nimeshindwa sana, na mbavu zangu zinajua. Lakini kwetu kuna sheria moja ambayo hata watoto wa mazoezini wanaijua. Mwamuzi hamwamulii mtu wake. Kila asubuhi ya mashindano waamuzi huitwa mbele ya kamati na kuulizwa: kuna yeyote mwenye ndugu, mke, mume au mchumba kati ya wachezaji? Mwenye mtu anasema. Na kabla ya fainali wanaulizwa tena, kwa sababu mwamuzi wa fainali hupatikana kwa kura. Kura ilipomwangukia Fundi, nilikuwa nimesimama pembeni nafunga koti langu la nyuzi za chuma, na nikasubiri ainue mkono aseme, "Huyu siwezi." Maneno hayo mawili tu. Ningeyasikia hayo, ningepigana siku ile mpaka kuta zitoe jasho.

Hakuinua mkono. Alipanda, akasimama katikati, akasema, "Tayari?" kama anavyowaambia wengine wote. Nikaanza fainali yangu nikiwa sijui kama nina mchumba au nimeota.

*

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi moja refu na bomba linalodondosha maji. Nilikuwa nimeshika zipu ya koti Kocha alipoingia bila kubisha, taulo shingoni.

"Usivue."

"Limekwisha, Kocha."

"Halijaisha. Medali hazijavalishwa." Akageuka kuhakikisha mlango umefungwa, akashusha sauti. "Yule mwamuzi ni nani kwako?"

Nikamwangalia. Uso uliniwaka.

"Ni nani, vipi?"

"Mama, mapenzi ni kikohozi. Ukumbi mzima umekusikia ukikohoa tangu mwezi wa mvua. Mtu mwenye macho mazima kama wewe unakwenda duka la miwani kila siku ya mapumziko, unafuata nini?"

"Nampeleka shangazi."

"Shangazi yako ana macho mangapi?"

Kabla sijajibu, shangazi mwenyewe aliingia. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa nasimama kwa kushika ukuta, na hajawahi kuupenda mchezo huu. Lakini hajawahi kukosa pambano langu hata moja. Hukaa viti vya ndugu wa wachezaji, mkoba mapajani, na kila nikipigwa hufumba macho. Aliketi kwenye benchi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Endelea tu, Kocha," alisema. "Hata mimi nasubiri jibu."

Kocha akaeleza haraka haraka. Mwamuzi akimwamulia mtu wake kisha mchezaji akasema mbele ya kamati kabla ya medali, pambano linafutwa. Linarudiwa kesho kwa mwamuzi mwingine. Mwamuzi aliyeficha ananyang'anywa beji, wala harudi tena maisha yake yote.

"Unachotakiwa kusema ni neno moja," Kocha alisema. "Mchumba. Basi. Kesho unamchapa yule binti asubuhi asubuhi, mchana tunakula."

"Lakini yeye atakuwa amekwisha."

"Alijimaliza mwenyewe alipopanda pale. Mimi nilimtuma?"

Nikamgeukia shangazi. Nilitaka mtu wa kuniambia la kufanya, kama nilivyokuwa mdogo akiniambia nivae sweta.

"Mimi tangu mwanzo nilikwambia," alisema. "Mwanamume ambaye kazi yake ni kutoa makosa, utakaa naye vipi nyumba moja? Leo umeunguza chakula, anakuonyesha kadi. Kesho umechelewa kuamka, kadi ya pili."

"Shangazi, hiyo miwani uliyovaa katengeneza nani?"

"Miwani haina kosa. Nazungumza habari za mtu." Sauti yake ikalainika. "Mwanangu, mtu aliyekuwa anataka kuja kwangu kusema anakupenda, leo kaulizwa mbele ya watu kama ana mtu wake humu ndani, hata mkono hakuinua. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nimeona kwa macho yangu. Sasa wewe unamwonea huruma ya nini?"

Hapo ndipo kichwa kiliponizunguka kabisa. Kocha alikuwa ananitaka niseme Fundi ni mchumba wangu ili nimharibie. Shangazi alikuwa ananiambia si mchumba wangu, kwa hiyo nimharibie. Na mimi niliyejua mengi kuliko wote wawili, ukinishika bega na kuniuliza ukweli ni upi, nisingekuwa na jibu.

"Niacheni nikamuulize," nilisema.

"Unakwenda kumuuliza mshtakiwa?" Kocha alishangaa.

"Nakwenda kumuuliza mimi ni nani kwake. Ninyi hamuwezi kunijibu hilo."

*

Nilimkuta chumba cha kukagulia silaha. Vitara vya wachezaji vilikuwa vimelazwa mezani kwa safu, na harufu ya mafuta ya mashine ilikuwa nzito. Alikuwa peke yake, anafuta miwani yake kwa pindo la shati. Yeye, ambaye kila mteja anayetoka dukani kwake humwonya asifute kioo kwa shati.

Alisimama aliponiona. Sikujua nimwite nani. Dukani namwita Fundi, ukumbini namwita Mwamuzi, na jina la tatu nilikuwa bado sijathubutu.

"Unachubua vioo," nilisema.

Akaangalia mikono yake kama si ya kwake. "Kweli."

Nikakumbuka siku ya kwanza dukani, nilipompeleka shangazi kupimwa macho. Tulikuwa tumeonana ulingoni mara nyingi bila kusemezana, na siku ile pia hakusema kitu mpaka tulipofika mlangoni. Ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Goti la kulia limepona?" Goti hilo nilikuwa nimelificha hata kwa Kocha. Kwa muda mrefu nilitembea na swali lile kama mtu aliyepewa zawadi asiyejua pa kuiweka.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Umeulizwa asubuhi kama una mtu. Umeulizwa tena kabla ya fainali. Kwa nini hukusema?"

Alivaa miwani. Alinitazama, na safari hii alinitazama kweli, mpaka nikatamani arudie ule uso wa mwamuzi.

"Ungetaka niseme una cheo gani kwangu?"

"Si wewe uliyeniuliza dukani?"

"Nilikuuliza. Ukanijibuje?"

Nilitazama vitara mezani.

"Ulisema, 'Usinihesabu bado,'" alisema. "Nimelala na maneno hayo wiki nzima. Nimeyageuza huku na huku. Asubuhi mwenyekiti aliponiuliza, mdomo ulifunguka. Nikajiuliza, nikisema ni mchumba wangu, halafu yeye asikie kwa watu, si atasema nimemlazimisha? Mbele ya kamati? Mtu amekwambia usimhesabu, wewe unakwenda kumhesabu kwenye kipaza sauti?"

"Nilisema bado. Sikusema hapana."

"Najua. Lakini kamati haiulizi nani ana bado. Inauliza nani anaye."

"Ungesema tu unaumwa."

"Ningedanganya."

"Kwani kunisimamia vile, unanitazama kama mlango, haikuwa kudanganya?"

Hilo lilimpata. Aliketi juu ya sanduku la nyaya, akaweka viganja magotini.

"Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya," alisema. "Sikutaka mtu aseme nimekupendelea. Kwa hiyo nilikaza macho."

"Ukayakaza mpaka ukanionea."

"Hapana." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Mkono wa Mashoto ulinyooka kwanza. Wako ulikawia kidogo sana, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nimeona. Nilitamani nisione, lakini nimeona."

Nilitaka kumbishia. Nilitafuta mwilini mwangu kumbukumbu ya pigo lile na nikapata vipande tu: taa, kelele ya vyuma, na yeye pembeni ya jicho langu. Je, nilikawia? Sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba wakati ule nilikuwa nawaza zaidi kuhusu mtu aliyesimama katikati kuliko mtu aliyesimama mbele yangu.

"Nikikuambia ndiyo," nilisema, na sauti yangu ikatoka nyembamba, "utanitaka niache mchezo?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Naona tu. Dada zangu wote niliofanya nao mazoezi, wakishaolewa, vitara vyao vinahamia juu ya kabati. Wanasema ni mapumziko. Kabati halijawahi kumrudisha mtu."

Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, tabasamu la kuchoka.

"Bingwa, mimi miaka yote hii nakutazama bila ruhusa ya kupiga hata kofi moja. Mwamuzi hapigi makofi. Ukifanya jambo zuri namezea. Ukianguka, namezea. Uache mchezo halafu mimi nishangilie nini?"

Machozi yalikuwa yamefika mahali ambapo ukisema neno yanatoka. Nikaamua kumwambia yote ili tumalize.

"Kocha anataka niseme mbele ya kamati kwamba wewe ni mchumba wangu. Pambano lirudiwe."

Hakushtuka. Alifikiri, kidole kikifuata ukingo wa beji kifuani.

"Basi kaseme."

"Watakunyang'anya beji."

"Nina duka."

"Unasema hivyo kwa sababu unanipenda, au kwa sababu umeniona mchoyo?"

"Nasema hivyo kwa sababu ubingwa ni wako kuutafuta. Siwezi kukuzuia." Akasimama. Alikuwa karibu sana, na bado hakunigusa. "Nina ombi moja tu. Ukisema mimi ni mchumba wako, iwe kweli. Usiniite hivyo kwa ajili ya leo, halafu kesho ukishavaa medali unirudishe kwenye bado. Hilo sitaliweza."

Nilitoka bila kuaga. Sikujua kama nimeombwa uchumba kwa mara ya pili au nimeachwa.

*

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Katikati alikaa Mama Mwenyekiti, mwanamke mnene mpole aliyewahi kuwa bingwa kabla sijazaliwa. Kocha alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba nina neno. Shangazi alisimama nyuma yangu na mkoba wake. Medali zilikuwa tayari kwenye sinia, na upande wa pili Mashoto alikuwa amekaa wima, hapepesi, kama mtu anayeogopa kwamba akijitikisa ataamka.

Nilimtazama yule binti. Sikutaka kumtazama, lakini nilimtazama.

Fundi aliingia mwisho. Alibaki mlangoni, beji bado kifuani.

"Binti," Mama Mwenyekiti alisema, "Kocha wako ameeleza kwamba una lalamiko kuhusu mwamuzi wa fainali. Nitakuuliza mara moja tu, maana jibu lako halitafutika. Huyu ni nani kwako?"

Kocha alikohoa. Kikohozi kile nilikielewa.

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno zuri, lile ambalo kwa miezi nilikuwa nalitamka peke yangu kwenye kioo. Lakini kulitoa hapo, kwa bei ile, ningelichafua, na nisingepata lingine. Tena lisingekuwa kweli. Na nikisema si kitu kwangu, huo ungekuwa uongo mkubwa zaidi. Nilisimama pale, mtu mzima, bingwa wa watu, nikitafuta sentensi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama," nilianza, "alipokuwa ulingoni hakuwa mchumba wangu. Alishaniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

"Kwa hiyo wakati wa pambano hakuwa mtu wako."

"Alinisikiliza nilivyomwambia. Hakunihesabu."

"Una lalamiko?"

Nyuma yangu Kocha alinong'ona jina langu, lile la kuzaliwa, ambalo hulitumia akikata tamaa.

"Sina," nikasema. "Pigo ni la Mashoto."

Nilisikia yule binti akivuta pumzi. Taulo la Kocha lilianguka chini na hakuliokota. Ubingwa wangu ulikuwa umeondoka, na nilingoja maumivu yafike. Yalifika, tena mengi. Lakini yalikuja na kitu kingine ambacho sikukitambua, kama wageni wawili waliokutana mlangoni na kuingia pamoja.

"Basi tuendelee na medali," alisema Mama Mwenyekiti.

"Nina ombi, mama."

"Sema."

"Kuanzia leo huyu mwamuzi asinisimamie tena. Wala mwaka ujao, wala miaka mingine, maana mimi bado nacheza. Siachi."

"Umesema huna lalamiko naye."

"Sina."

"Sasa sababu ni nini?"

Nikageuka nyuma. Nilitaka kulisema nikimtazama yeye, kamati wasikie kwa kupita tu.

"Sababu nimeshamjibu."

Mama Mwenyekiti akatazama mlangoni, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini. "Umemjibu lini, binti?"

"Sasa hivi."

Watu walianza kucheka kidogo kidogo, wale wazee wawili wa kamati, kisha Mashoto, aliyejiziba mdomo kwa mkono. Fundi peke yake hakucheka. Alisimama, macho yametoka, akimtazama kila mmoja kwa zamu.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Loo," Kocha alisema, akiinama kuokota taulo lake. "Pigo zito vile, na yeye hakuliona."

Ndipo akaelewa. Nililiona jambo hilo likimfikia, likaanzia mdomoni, likapanda mpaka machoni, na ule uso wa mwamuzi ukabomoka wote mbele ya kamati. Akavua miwani. Akataka kuifuta kwa shati, akakumbuka, akaacha.

Mimi nilikuwa nalia. Usiniulize nilikuwa nalilia nini. Nusu ilikuwa ya medali iliyokuwa inamwendea mtu mwingine, na nusu ile nyingine sikuipatia jina. Shangazi alinipa leso. Halafu akaanza kutembea, mkoba mkononi, mwendo wake ule wa pole pole ambao huutumia akiwa ameshaamua jambo, mpaka akafika mbele ya Fundi. Mama huyu akikukataa huwa hapazi sauti.

Akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe," alisema. "Wanaanza kugawa medali. Unasimama mlangoni kama askari wa nini? Njoo ukae kule."

Alionyesha viti vya ndugu wa wachezaji.

Fundi akababaika. "Shangazi, mwamuzi haruhusiwi kukaa kule."

"Kwani nimemwita mwamuzi?" alisema shangazi.